Piko, simbilisi na seli zinazowaka kama vimulimuli

Harusi ya mdogo wangu, mimi ndo niliyechora wasichana wote pale nyumbani. Tumekaa kwenye majamvi, miguu imenyooshwa, udi unafuka, mama anapitisha kahawa na kashata, na mimi na kijiti changu na kibakuli cha piko nachora tu mpaka saa nane usiku. Wa mwisho alikuwa binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Akaniambia dada nifanyie maua makubwa yapande mpaka kwenye kiwiko, hina sitaki, nataka nyeusi itoke vizuri kwenye picha. Nikamfanyia.

Keshokutwa yake alfajiri akaja chumbani kwangu kajifunika mkono na kanga. Alivyofunua nilikosa la kusema. Maua yalikuwa yamevimba. Si mkono, ni maua yenyewe, kila jani, kila kikonyo, kila nukta niliyoidondosha ilikuwa imeinuka juu ya ngozi, na katikati ya maua kuna malengelenge yenye maji ya njano, yani ungezima taa ungeweza kuupapasa ule mchoro kwa kidole ukaujua wote tangu mwanzo mpaka mwisho. Na pembeni ya mchoro, nusu sentimita tu, ngozi safi kabisa kama hakuna kilichotokea.

Daktari wa ngozi alimuuliza swali moja tu kabla hata hajamgusa: hii ni mara ya ngapi? Binamu akasema ya tatu, mara ya kwanza Iddi, ya pili harusi ya jirani, na zote hazikumfanya kitu. Daktari akasema hizo mbili ndo mwili ulikuwa unajifunza.

Sasa mimi sikulala kwa hilo neno. Kwa sababu mimi nilimpima! Mama yangu amechora mabibi harusi miaka na miaka na alinifundisha kabla ya kumchora mtu unamdondoshea tone nyuma ya sikio au kwenye kifundo cha mkono, unasubiri nusu saa, hasikii muwasho, unaendelea. Binamu nilimdondoshea, tukasubiri, tukapiga stori, hakuna kitu. Kipimo chetu kilisema salama. Hapo ndo nilipoanza kujiuliza hivi wenzetu wanajuaje kama kemikali fulani itamuumiza mtu kabla haijamuumiza, nikaanza kusoma, nikasoma usiku na usiku, na haya ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa ningeyajua siku ile nimeshika kijiti.

Kwanza piko yenyewe. Hina ni majani, yanasagwa, rangi yake inashika ngozi taratibu, machungwa kwanza kisha kahawia. Piko sio hina hata tukiiita hina nyeusi. Ni unga wa rangi ya nywele, na kinachofanya kazi mle ndani ni kemikali inaitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Mchoraji yeyote anaijua tabia yake hata kama halijui jina, unga una rangi ya kijivu au kahawia hafifu, ukiuchanganya na maji na ukipata hewa dakika chache unageuka mweusi ti. Ule weusi ni PPD inaungana na hewa, na katikati ya safari hiyo ndo inakuwa kali, inashikamana na protini za ngozi. Ulaya kwenye rangi ya nywele wanaruhusu isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuchorea ngozi hawaruhusu kabisa, Marekani nao kwa ngozi hawajawahi kuipitisha. Piko za kuchanganya kienyeji zilizopimwa maabara, zipo zilizokutwa na zaidi ya asilimia 10.

Na mwili unavyofanya ndo uliniacha mdomo wazi. Mara ya kwanza PPD inapoingia kwenye ngozi, askari wa kinga wanaichukua, wanaipeleka kwenye tezi, zile zinazovimba shingoni au kwapani mtu akiumwa, wanaitengenezea kumbukumbu, na kazi hiyo inachukua siku kumi mpaka wiki mbili hivi, kimyakimya, hakuna muwasho. Ikija tena, kumbukumbu ikiwa imekomaa, mwili unaishambulia, lakini hata hapo ni baada ya siku moja mpaka tatu. Kwa hiyo nusu saa ya mama yangu haiwezi kukamata chochote. Na baya zaidi, lile tone lenyewe la kujaribu linaweza kuwa ndo somo la kwanza la mwili. Wanasayansi wanaoishauri Ulaya wameshaonyesha wasiwasi huohuo kwa yale majaribio ya kujipaka kidogo yanayoandikwa kwenye maboksi ya rangi za nywele, kwamba unampima mtu na hapohapo unaweza kuwa unampandikizia aleji. Na aleji hii ikishaingia haitoki, ni ya maisha. Binamu yangu ana miaka 19 na ameambiwa asiguse rangi ya nywele, awe makini na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka na hata rangi za baadhi ya nguo, kwa sababu mwili unazifananisha.

Kuna kisa cha Marekani nilikisoma nikamkumbuka yeye. Mwaka 1933 kulikuwa na rangi ya kope ikiitwa Lash Lure, ndani yake kuna rangi ya ukoo huohuo wa PPD. Mwanamke mmoja alipakwa akitaka kupendeza kwenye shughuli, macho yakavimba, yakatoa usaha, akapofuka. Si yeye peke yake, wengine waliumia na kuna aliyekufa. Serikali ilikuwa haina meno, sheria ya wakati ule haikuhusu vipodozi kabisa, wakabaki kuonyesha picha zake za kabla na baada kwenye maonyesho ili watu waone. Sheria ikabadilika mwaka 1938. Lakini, na hapa nilirudia kusoma mara mbili, rangi za nywele za ukoo huo ziliachiwa mlango, ziuzwe tu mradi boksi liwe na onyo na maelekezo ya kujijaribu kwanza kwenye ngozi. Yani maandishi yale madogo ya jaribu kwanza masaa 48 tunayoyaona mpaka leo yametoka huko, mzigo wa kupima ukabebeshwa mnunuzi.

Baada ya sheria ndo wakaingia sungura. Mwaka 1944 mtaalamu wa serikali ya Marekani, John Draize, na wenzake wakaweka utaratibu: sungura mweupe, jicho moja unamtilia kemikali unayoipima, jingine unaliacha la kulinganishia, unaangalia baada ya saa, siku, siku mbili, tatu, na baadaye kwenye miongozo ya kimataifa uangalizi unaweza kufika siku 21. Kiasi ni mililita 0.1. Ukitaka kujua ni kiasi gani chukua bomba la sindano la mililita 1, kimstari cha kumi yake. Sungura walikuwa wanabanwa shingo kwenye kiboksi wasiweze kujikuna. Kulikuwa na jaribio la ngozi pia, wananyoa mgongo, wanabandika kemikali. Na majibu yenyewe yanatolewa na jicho la mtu anayetazama na kukadiria wekundu kwa maksi, mwaka 1971 ukatoka utafiti ulioshirikisha maabara zaidi ya 20 zikapewa vitu vilevile, majibu yakapishana vibaya, sumu ya huku ikawa salama ya kule. Mwaka 1980 mwanaharakati Henry Spira akaweka tangazo la ukurasa mzima kwenye New York Times kuuliza sungura wangapi wanapofushwa kwa ajili ya urembo, kampuni za vipodozi zikaanza kutoa hela za kutafuta njia nyingine. Kwa macho leo wanatumia konea, yani kile kioo cha mbele ya jicho, za ng'ombe na macho ya kuku kutoka machinjioni, wanyama waliochinjwa kwa kitoweo hata hivyo, wanapima ukungu unaotokea kwenye konea na rangi inayopenya. Sitakaa sana hapo kwa sababu la kwangu ni aleji.

Kwa aleji mnyama alikuwa simbilisi, wale wadogo wasio na mkia ambao kule nyanda za juu kusini watu wanawafuga jikoni. Anachomwa sindano ya kemikali pamoja na kitu cha kuamsha kinga, wiki moja baadaye anabandikwa kemikali hiyohiyo kwenye ngozi, anapumzishwa wiki mbili, anabandikwa tena, halafu mtu anaangalia wekundu. Kumi wa kupimwa angalau na watano wa kulinganishia, kwa kemikali moja. Ukiangalia vizuri hiki ndicho kilichompata binamu yangu. Iddi, kimya, harusi ya jirani, kimya, harusi yetu, ua limevimba. Ratiba ni ileile, tofauti ni kwamba simbilisi kuna mtu alikuwa anaandika kumbukumbu zake.

Wakaja panya, kipimo kikakubaliwa kimataifa mwaka 2002, wanapakwa nyuma ya masikio siku tatu, siku ya sita wanachomwa kitu chenye mionzi, wanauawa, tezi zinatolewa kupima kama seli zimezaliana. Wanyama wachache zaidi, mateso machache zaidi, namba badala ya macho. Kilikuwa kipimo bora na PPD ilifeli vibaya, hata chini ya asilimia 1 iliamsha tezi.

Halafu Ulaya wakafunga mlango. Kupima kipodozi kamili kwa mnyama ikapigwa marufuku 2004, malighafi zake 2009, na Machi 2013 hata kuuza kipodozi kipya kilichopimwa hivyo ikawa mwisho. Watu wengi wanasimulia hii kama habari ya huruma kwa wanyama, na huruma ipo, mimi mwenyewe nafuga sungura siwezi kuwaangalia vilevile tena. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba walipokatazwa mnyama ilibidi wajiulize upya swali lenyewe. Mnyama unamwekea kitu huku unasubiri uone huku, katikati hujui kimetokea nini. Bila mnyama lazima ujue katikati. Mwaka 2012 OECD, shirika la kimataifa la uchumi ambalo pia linatoa miongozo ya kupima kemikali, likaichora njia yote ya aleji hatua kwa hatua: kemikali inashika protini, seli za ngozi zinapiga kelele, seli za ulinzi zinaamka na kubeba habari, mwisho kwenye tezi askari wanazaliana. Alafu kila hatua wakaitafutia kipimo chake.

Cha kwanza hakina hata kitu hai. Unachukua vipande viwili vidogo vya protini vilivyotengenezwa maabara, unavichanganya na kemikali kwenye kichupa, unaviacha masaa 24, halafu unapima vimebaki kiasi gani. Vikipungua ina maana kemikali imevidaka. Wastani wa upungufu ukizidi asilimia 6.38 kemikali inahesabiwa kuwa inashika. Mimi nimeona uzuri mkubwa hapo, maana ndo chanzo chenyewe cha shida, kabla ya wekundu, kabla ya malengelenge, kabla hata mwili haujajua.

Cha pili ndo nilichokipenda mpaka nikamsimulia mama. Wamechukua seli za ngozi ya binadamu zinazooteshwa maabara wakazipandikiza jeni la kimulimuli, yani kipande cha maelekezo yake ya kurithi, kimulimuli huyuhuyu wa kwenye majani jioni mvua ikikatika. Wameliunganisha na kengele ya hatari ya seli, kwamba seli ikikutana na kitu kinachoshambulia protini zake na kuwasha kengele, inatengeneza na kile kinachompa kimulimuli mwanga wake. Unaiwekea kemikali, unasubiri masaa 48, unapima mwanga. Ukizidi mara moja na nusu ya kawaida, seli imelalamika. Fikiria hilo, ngozi ya binadamu inakuambia hiki kitu sikitaki kwa kuwaka, na hakuna aliyeumia.

Cha tatu ni seli za damu, zinacheza nafasi ya wale wabeba habari. Zimetokana na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja wa Japani aliyekuwa na saratani ya damu, na seli zake zinaendelea kuzaliana kwenye maabara za dunia nzima tangu ilipochapishwa habari yake 1980. Zinakaa na kemikali siku nzima kisha wanaangalia kama zimepandisha alama mbili za kuonyesha zimeamka. Huwa nikifika hapo nanyamaza kidogo, mtoto wa watu hakujua kwamba seli zake zitakuja kuzilinda ngozi za wanawake asiowajua.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi, kila kimoja kina upofu wake. Ndo maana mwaka 2021 OECD wakatoa mwongozo namba 497, na mojawapo ya njia zake ni rahisi hata mtoto anaielewa, vipimo viwili kati ya vitatu vikikubaliana hilo ndo jibu. Na walipolinganisha na yale yanayojulikana kwa binadamu wenyewe, njia hii ililingana na kile kipimo cha panya au kukipita.

Sitaki niseme kila kitu kimetatuliwa, maana hapo ningekuwa nadanganya. Kile kipimo cha vichupa kinataka ujue umeweka molekuli ngapi za nini, sasa leta pakiti yetu ya piko isiyo na jina, unga ambao hata aliyeufunga hajui kilichomo, uanze kuhesabu nini? Hina nayo ni jani zima lenye vitu chungu nzima. Na kuna ngozi zinazooteshwa kutoka kwenye mabaki ya ngozi za watu waliofanyiwa upasuaji, zinalelewa mpaka ziote tabaka la juu kabisa gumu kama letu, unadondoshea kemikali upande wa juu, unasubiri, halafu unaweka dawa ya njano ambayo seli zilizo hai zinaigeuza kuwa zambarau. Zikibaki hai nusu au chini ya nusu, kitu hicho kinawasha. Nzuri mno. Lakini ukiweka kitu chenye rangi kali, rangi yake inaingilia usomaji wa zambarau, na piko ndo rangi kali yenyewe, kwa hiyo wakalazimika kutafuta namna ya kuzitenganisha hizo rangi kwenye mashine kwanza. Na ngozi hizo zinapima muwasho wa papo kwa papo, sio aleji, hivyo ni vitu viwili ambavyo sisi huku tunaviita jina moja, imeniwasha. Pilipili inawasha kila mtu. Piko inachagua, na inachagua baada ya kukuzoea.

Nilimweleza mama haya yote siku moja tunachambua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema mwanangu mimi nimechora tangu sijakuzaa wewe na waliorudi kulalamika hawafiki kumi. Nikamwambia mama, waliorudi. Akaacha mikono kwenye ungo. Baadae kidogo akaanza kutaja majina, fulani hakurudi tena, fulani tulisikia kalazwa, fulani alisema ni hasidi, mpaka majina yakawa yanamtoka mwenyewe bila kuulizwa.

Hapo ndo penye uchungu wangu. PPD si kitu kipya kinachosubiri maabara ya kisasa. Lash Lure ilisema 1933. Simbilisi walisema, panya walisema, na seli za binadamu zimesema bila kumuumiza yeyote. Wote wamejibu kwa sauti moja. Na bado ukienda dukani unakipata kwenye kipakiti cha nailoni hakina hata maandishi, mwenye duka anakuambia ni hina tu dada, hina nyeusi. Kwa hiyo kila Iddi na kila msimu wa harusi tunaendelea na jaribio lilelile la simbilisi, kwa mabinti zetu, hakuna anayeandika matokeo.

Mimi sasa nachora hina tu. Naichekecha mwenyewe kwa kitambaa chepesi, naikanda kwa ndimu na sukari kidogo, inalala usiku mzima, nachora jioni, na namwambia mteja asioshe mpaka asubuhi na asiogope akiiona ya machungwa, siku ya pili itakolea. Pakiti yoyote inayonipa weusi ndani ya nusu saa siigusi, hata kama imeandikwa hina na ina picha ya jani. Na lile tone la nyuma ya sikio nimeliacha kabisa.

Wapo wanaotaka nyeusi na hawataki kusikia. Hao nawaonyesha picha ya mkono wa binamu, yeye mwenyewe kaniruhusu, niliipiga mwezi wa nne baada ya harusi. Uvimbe umekwisha, malengelenge yamekwisha, lakini maua bado yapo, meupe, mchoro wangu wote kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, na ile nukta ndogo niliyoimalizia karibu na mfupa, niliyomwambia hii ya bahati. Wiki iliyopita walikuja watatu pamoja, wawili wakaondoka kwenda kwa mchoraji mwingine, mmoja akakaa akaninyooshea mkono.